Kuamka Mapema: Anayekungoja Langoni Ndiye Kengele Bora



Ni saa kumi na moja alfajiri. Ukungu umetanda juu ya mashamba ya chai, na baridi ya nyanda hizi zilizo takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari imeingia hadi chumbani. Simu inalia. Mkono unatoka ndani ya blanketi, unaizima, unarudi. Hakuna aliyeona. Unapoamka tena ni saa moja unusu, na siku imeshaanza bila wewe.

Wengi wetu tumeahidi mara nyingi kuamka mapema na tukashindwa, kisha tukajilaumu kwamba sisi ni wavivu. Makala haya yanaeleza kwa nini lawama hiyo mara nyingi si ya haki. Mtu hashindwi kuamka kwa sababu ana moyo dhaifu tu. Anashindwa pia kwa sababu hakuna anayemngoja. Mahali ambapo jirani anakungoja langoni, kuamka huwa rahisi zaidi, na tabia hiyo inaweza kujengwa na watu wawili au watatu bila kutumia shilingi hata moja.

Kwa nini asubuhi ina thamani kwetu

Tunaishi karibu na ikweta, kwa hivyo alfajiri yetu haibadiliki sana. Mwaka mzima jua huchomoza Kericho na Bomet kati ya saa kumi na mbili na dakika 20 na saa moja kasoro dakika 10. Nchi za mbali na ikweta, mkulima hulazimika kubadilisha saa zake kila msimu. Sisi tukishazoea saa moja ya kuamka, saa hiyo hiyo itatufaa Januari na Julai.

Sababu ya pili ni mvua. Unyevu wa Ziwa Victoria hukutana na nyanda zetu za juu, hewa yenye joto hupanda, na kufikia saa nane au saa tisa mchana mara nyingi mawingu huwa yameshajaa. Ndipo hunyesha, na wakati mwingine mvua huja na mawe. Eneo la Kericho na Nandi linajulikana duniani kwa wingi wa mvua ya mawe, kiasi kwamba katika miaka ya 1960 na 1970 kulifanywa majaribio ya kuizuia ili kuokoa chai. Mvua hatuwezi kuipangia saa. Tunachoweza ni kuwa tumemaliza sehemu kubwa ya kazi kabla haijafika.

Sababu ya tatu ni hesabu ya mzunguko wa kuchuna, na hapa ndipo wakulima wengi hupoteza pesa bila kujua. Tuseme una mashina 4,000, yaani shamba la karibu ekari moja. Mkiwa na masaa 6 ya kuchuna kwa siku, mnamaliza mashina 500, na baada ya siku 8 mnarudi mlikoanzia. Sasa punguza masaa 2 ya asubuhi. Kwa masaa 4 mtachuna mashina 333 hivi kwa siku, na mzunguko utachukua siku 12.

Masaa 2 ya usingizi yamegeuka siku 4 za kuchelewa. Wakati wa mvua nzuri, siku 4 ni nyingi sana. Chipukizi lililokuwa na majani mawili laini limeongeza jani la tatu na la nne, na shina lake limekomaa. Karani wa kituo cha kununulia hataki majani hayo, na ana haki, kwa sababu kiwanda kinahitaji majani mawili na chipukizi. Utaketi kando ya meza ukichambua, na kikapu ulichobeba mgongoni kitapungua mbele ya macho yako.

Tena majani mabichi hayavumilii kusubiri. Zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji. Yakishindiliwa kwenye gunia na kukaa muda mrefu hupata joto, hujikwaruza na kuanza kugeuka mekundu kabla ya kufika kiwandani. Anayechuna mapema na kufika kituoni kwa wakati humpa dereva wa lori na kiwanda kitu cha kufanyia kazi.

Wafugaji wanajua jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Maziwa ya asubuhi yasipofika kwenye kituo cha kupoesha kwa wakati, bakteria huzaliana ndani yake na hatari ya kukataliwa huongezeka kila dakika.

Kengele ya simu na macho ya jirani

Saa ya kengele ina kasoro moja: unaweza kuizima bila kumkosea mtu. Usiku, ulipoiweka, ulikuwa umeshiba na chumba kina joto, na kuamka saa kumi na moja kulionekana jambo dogo. Alfajiri uamuzi uko mikononi mwa mtu mwingine kabisa, yaani wewe mwenye usingizi, na huyo hujipa ruhusa kila mara.

Dawa ya hali hii si ngeni kwetu. Fikiria chama cha akiba cha kina mama. Mtu mmoja mmoja akiweka pesa kwenye mkebe nyumbani, zitaisha kabla ya mwezi: leo sukari, kesho nauli, keshokutwa mgeni. Akiwa kwenye chama, zamu ya kutoa ikifika pesa hupatikana, kwa sababu wenzake wameketi wakimngoja. Mwaka 2007 mtafiti Mary Kay Gugerty alichapisha utafiti kuhusu vyama vya aina hiyo magharibi mwa Kenya. Alieleza kwamba watu wengi hujiunga wakijua vizuri kuwa peke yao hawataweza kuweka akiba, na kwamba kikundi huwafunga kwenye uamuzi waliokwisha kuufanya wenyewe. Walichokosa si mahali pa kuficha pesa. Walikosa shahidi.

Wanariadha wetu nao hawafanyi mazoezi kila mtu kivyake. Kule Kaptagat, Eliud Kipchoge amefanya mazoezi kwa miaka mingi akiwa ndani ya kundi chini ya kocha Patrick Sang. Na siku aliyokimbia masafa ya marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, alizungukwa na wakimbiaji 41 waliopokezana kumwekea kasi. Ikiwa mtu huyo anahitaji wenzake, sisi tunaoshindana na blanketi hatuna haja ya kuona haya.

Wazee wa Kipsigis waliita ujirani wa namna hii kokwet: watu wa mahali pamoja ambao hukaa pamoja kuamua mambo yao na kusaidiana kazi za shamba na ujenzi. Mtu wa kokwet alijua kwamba asipotokea kwenye kazi ya jirani, jirani naye angekuwa na sababu ya kutotokea kwake. Tunachopendekeza hapa ni desturi hiyo hiyo, ila imepunguzwa hadi saa moja ya alfajiri.

Jinsi ya kuanzisha kikundi cha kuamshana

Hakuna fomu ya kujaza. Fuateni hatua hizi.

1. Muwe wachache na muwe karibu. Watu wawili hadi watano wanatosha, na nyumba zenu ziwe umbali wa kutembea dakika chache. Kikundi cha watu 30 kwenye WhatsApp kina raha yake, lakini ndani yake mtu hujificha kwa urahisi. Katika kikundi cha watu watatu, asiyekuja huonekana papo hapo.

2. Kubalianeni kitendo, si saa tu. "Nitaamka saa kumi na moja" ni ahadi isiyo na shahidi. "Nitakuwa kwenye lango la mama Chebet saa kumi na mbili kamili nikiwa na kikapu" ni ahadi inayoonekana. Ujumbe wa simu wa kusema "niko macho" hautoshi, kwani unaweza kuuandika ukiwa chini ya blanketi na kulala tena. Lazima miguu iguse chini.

3. Andaeni usiku. Gamboti ziwe mlangoni, aproni ya plastiki imening'inizwa, kikapu kiko tayari, kuni zimekauka na maji yako kwenye sufuria. Kisha jiambie kwa mpangilio: simu ikilia, nitasimama, nikisimama, nitawasha jiko, chai ikiwa tayari, nitavaa gamboti. Ukishaamua hatua usiku, alfajiri hutakuwa na jambo la kujadiliana nalo.

4. Pokezaneni zamu ya kuamsha. Wiki hii mmoja ndiye anayewapigia wenzake au kuwabipu, wiki ijayo mwingine. Mara nyingi anayenufaika zaidi ni mwenye zamu, kwa maana anajua watu wengine wawili wanamtegemea. Hata yule mnayemjua kwa usingizi mwingi mpeni zamu yake.

5. Wekeni kanuni ya kuchelewa. Kwa mfano: tunamngoja mtu kwa dakika 10, asipofika, mmoja anamgongea mlango, wengine wanatangulia. Kugonga mlango si adhabu. Huenda mwenzenu ni mgonjwa, au ana mtoto aliyelia usiku kucha, na nyinyi ndio wa kwanza kujua.

6. Adhabu iwe ndogo, na isiwe ya pesa. Faini za pesa huleta madeni, na madeni huvunja ujirani. Aliyechelewa anaweza kubeba kikapu cha mwenzake hadi kituoni, au kupika chai ya kikundi Jumamosi. Kumtangaza mtu kanisani, barazani au kwenye kikundi cha simu ni marufuku. Mtu aliyeaibishwa hatarudi, na kikundi kitakuwa kimempoteza yule kilichoundwa kumsaidia.

7. Wekeni daftari. Kurasa moja, majina yenu, alama kwa kila siku ya kuchuna. Mwisho wa wiki mketi dakika 10 muitazame. Nani alifaulu? Nani alishindwa, na nini kilimzuia? Mara nyingi mtagundua kizuizi si uvivu: ni kibatari kilichokosa mafuta, au gamboti iliyopasuka.

8. Wekeni mwisho. Kubalianeni wiki 10, si maisha. Watu hujiunga kwa moyo mwepesi wakijua wanaweza kutoka kwa heshima. Wiki 10 zikiisha, mtaamua upya.

Kwa nini wiki 10? Mwaka 2009 Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London walichapisha utafiti uliofuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya ndogondogo. Ilichukua wastani wa siku 66 kabla ya tabia kuanza kujiendesha yenyewe, na wiki 10 ni siku 70. Lakini watu walitofautiana sana, kuanzia siku 18 hadi siku 254. Kwa hivyo usimcheke jirani ambaye bado anahangaika wakati wewe umeshazoea. Watafiti hao waligundua pia kwamba kukosa siku moja hakuharibu tabia inayojengwa. Ukianguka Jumanne, Jumatano bado ni yako.

Usingizi haukopwi

Kuna namna mbaya ya kuamka mapema: kulala saa tano usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri, kila siku. Hayo ni masaa 6. Wataalamu wa afya hupendekeza mtu mzima alale angalau masaa 7. Mwili ulionyimwa usingizi hufanya makosa, na mtu anayesinzia hapaswi kushika mashine ya kuchunia, jembe wala usukani wa pikipiki.

Kwa hivyo mkataba wa kuamka ni mkataba wa kulala pia. Atakayeamka saa kumi na moja na awe kitandani saa tatu usiku. Hapo atapata masaa 8. Zima runinga, weka simu mbali na mto. Na jambo moja la kuchekesha kwetu sisi wenye kulima chai: kikombe cha chai kali cha usiku ni adui wa alfajiri. Kafeini iliyomo hukaa mwilini, na baada ya takriban masaa 5 nusu yake bado imo. Chai na inywewe asubuhi na mchana. Usiku kunywa maziwa au maji ya moto.

Watoto wasiingizwe kwenye mpango huu. Mtoto wa umri wa miaka 6 hadi 12 anahitaji masaa 9 hadi 12 ya usingizi, na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji masaa 8 hadi 10. Kanuni za elimu ya msingi za mwaka 2015 zinaweka masomo ya shule za kutwa kuanzia saa mbili asubuhi. Mtoto asiamshwe saa kumi ili achune chai kabla ya shule. Hiyo haitakuwa tabia njema, itakuwa kazi ya mtoto.

Nani tayari ameamka?

Kabla ya kuunda kikundi, kila nyumba ijiulize swali hili kwa ukweli. Katika nyumba nyingi kuna mtu ambaye tayari ameamka saa kumi na nusu: anawasha moto, anakamua, anateka maji, anaandaa watoto, kisha anakwenda kuchuna. Mara nyingi mtu huyo ni mama. Kwake, somo la kuamka mapema ni kama kumfundisha samaki kuogelea.

Kikundi cha kuamshana kisiwe mzigo mwingine juu yake. Ikiwa baba na vijana wakubwa ndio wanaolala, basi majina yao ndiyo yaandikwe kwenye daftari. Baba akiwa langoni saa kumi na mbili pamoja na majirani zake, na kijana akiwa ameshakamua ng'ombe, mama anaweza kupata nusu saa ya usingizi aliyoikosa kwa miaka. Hilo peke yake ni faida, hata kabla ya kupima majani.

Wanaofanya kazi zamu za usiku, wagonjwa, wajawazito na waliojifungua karibuni wana saa zao, na wasiulizwe kwa nini hawako langoni.

Usalama njiani

Alfajiri yetu ina giza na ukungu. Tembeeni wawili wawili, mkiwa na tochi. Kwenye barabara kuu ya lami, tembeeni kando mkiyatazama magari yanayokuja, na vaeni nguo za rangi nyepesi au jaketi linaloakisi mwanga. Mwambieni mzee wa kijiji na wanakamati wa Nyumba Kumi kwamba mna kikundi, mnapita njia gani na saa ngapi. Mkiona njia haina usalama, ahirisheni mkutano hadi kupambazuke. Kuanza saa kumi na mbili na nusu mkiwa salama ni bora kuliko saa kumi na moja mkiwa na hofu.

Jambo ambalo kuamka mapema hakuwezi kufanya

Tuseme ukweli. Bonasi ya chai katika upande wetu wa Bonde la Ufa imekuwa chini kuliko ya wenzetu wa upande wa mashariki, na wakulima wa Kericho na Bomet wamelalamika wazi. Bei ya mnada wa Mombasa, gharama za viwanda na namna vinavyosimamiwa haviko mikononi mwa mkulima anayeamka saa kumi na moja. Asiambiwe kwamba shida zake zote zimetokana na usingizi. Ana haki ya kuwauliza wakurugenzi aliowachagua kiwandani mwake, na kuhudhuria mkutano mkuu wa mwaka.

Lakini ubora wa majani ni sehemu moja ya hesabu hiyo, na ndiyo sehemu ambayo mkono wako unaifikia. Mzunguko wa siku 8 badala ya 12, majani yaliyofika kituoni yakiwa mabichi, kikapu kisichochambuliwa hadi nusu: haya ni yako. Na mkulima anayeleta majani mazuri anauliza maswali yake ya bonasi kwa sauti iliyo imara zaidi.

Kuanza wiki hii

Kikundi cha kuamshana hakihitaji kusajiliwa. Mkianza kuchanga pesa, hata kidogo, nendeni kwa ofisi ya maendeleo ya jamii mjisajili chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, ili pesa zenu ziwe na ulinzi. Kuhusu mzunguko wa kuchuna, upogoaji na ubora wa majani, mwulizeni afisa wa kilimo wa wadi yenu. Anaweza kuja kwenye shamba la mmoja wenu mkiwa pamoja, na safari yake moja itawafaa wote.

Hata hivyo, hatua ya kwanza haiko ofisini. Leo jioni, kabla hujafunga mlango, vuka hadi kwa jirani mmoja tu. Mwulize kesho atatoka saa ngapi, na umwambie utakuwa langoni pake ukimngoja.